Mizani na Makapi

Neno "taka" lina sura mbili ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzipita kila siku bila kuzitazama. Likiwa nomino, taka ni uchafu, ni masalio, ni kitu cha kutupwa. Likiwa kitenzi, ni hamu: mtu hutaka maji, hutaka mali, hutaka haki yake. Wanaisimu watasema kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na si kazi ya makala haya kubishana nao. Hata hivyo, katika kaunti ya Kakamega, ambako miwa imekuwa zao la biashara kwa zaidi ya nusu karne, mpaka baina ya taka inayotupwa na kitu kinachotakwa umekuwa mwembamba mno. Huchorwa upya kila baada ya miaka michache, na aghalabu wanaouchora si wale wanaoishi kando yake.

Katika kijiji kimoja cha kaunti hiyo aliketi bibi mmoja kizingitini pake, karatasi mkononi. Alikuwa amevuna ekari moja ya miwa baada ya kuingoja kwa karibu miaka miwili, na karatasi ile ilikuwa hati ya malipo kutoka kiwandani. Kiwanda chenyewe hakina haja ya kutajwa, maana hati za viwanda vya sukari hufanana kama vifaranga. Mjukuu wake, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee hii. Macho yangu yamechoka."

"Kukhu, imeandikwa tani 26. Kisha yanafuata makato: kulima, mbegu, mbolea, kukata, kusafirisha."

"Makato nayajua, hayo hayajawahi kunisahau. Hizo tani, ni za muwa au ni za sukari?"

"Ni za muwa, Kukhu."

"Muwa mzima? Na ganda lake, na maji yake, na yale makapi?"

"Muwa mzima."

"Basi mizani imepima kila kitu. Je, wamenilipa kila kitu?"

Mjukuu hakuwa na jibu. Bei ya tani ya miwa nchini Kenya kwa miaka mingi ilikokotolewa kwa kufuata bei ya sukari na kiasi cha sukari kinachotarajiwa kutoka katika tani hiyo. Mengine yote yaliyomo ndani ya muwa hayakuwa na safu yake katika hesabu. Yalihesabiwa kuwa masalio, na masalio hayana bei. Swali la bibi yule, lililoulizwa kizingitini bila ghadhabu, ndilo swali ambalo vyama vya wakulima wa miwa wa Magharibi ya Kenya wamelisukuma mbele ya serikali na wenye viwanda kwa muda mrefu.

Yafaa kuufuata huo muwa wa tani 26 hadi ndani ya kiwanda. Kwa kadirio la kawaida la viwanda vya Kenya, tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja ya sukari, na mara nyingi hata hiyo haitimii. Kwa hiyo ekari ya bibi ilizaa kiasi cha tani mbili na nusu za sukari. Makapi, yaani nyuzinyuzi zinazobaki baada ya muwa kukamuliwa, hufikia karibu theluthi moja ya uzito wote. Hizo ni tani nane na zaidi, ingawa nusu ya uzito wa makapi yenyewe ni maji yaliyonata. Molasi, ule uji mweusi mzito ambao hauwezi tena kugandishwa ukawa sukari, ni karibu tani moja. Tope la chujio, linalotokana na maji ya miwa kusafishwa kwa chokaa, nalo ni karibu tani moja. Sehemu kubwa ya uzito uliosalia ni maji. Kwa ufupi, sukari ambayo ndiyo iliyokuwa msingi wa bei ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya kile kilichopanda juu ya mizani.

Hapo zamani hakuna aliyegombania hizo sehemu tisa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliasisiwa mwaka 1971 na kuanza kusaga miwa 1973, ikisimamiwa na kampuni ya Kiingereza ya Booker. Katika enzi hiyo, makapi yalikuwa mzigo kwa kila kiwanda cha sukari duniani. Yakirundikwa nje huoza. Yakikauka hushika moto. Vumbi la makapi yaliyovunda likivutwa pumuzi kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu ambao madaktari wameupa jina linalotokana na jina la makapi yenyewe. Ndiyo maana wahandisi walikuwa na desturi ya kujenga matanuri yasiyo na ufanisi mkubwa, kwa makusudi. Tanuri liliundwa kula makapi mengi na kutoa mvuke wa kuendeshea mashine tu, ili mwisho wa siku pasibaki rundo. Ni jambo la kuchekesha kwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba mhandisi hutafuta ufanisi siku zote: huku alilipwa kuuepuka. Masizi yaliyoruka kutoka kwenye mabomba ya moshi yaliangukia nguo zilizoanikwa, na kina mama walijifunza kuanua nguo kulingana na upepo.

Mabadiliko yalikuja pale makapi yalipopata mnunuzi. Mwaka 2009 Mumias ilizindua mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi wenye uwezo wa megawati zipatazo 38. Sehemu moja iliendesha kiwanda chenyewe, na megawati 26 zilikusudiwa kuuziwa gridi ya taifa. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Tanuri jipya huunguza makapi kwa shinikizo la juu zaidi. Mvuke huzungusha jenereta kwanza, na unapotoka huko ukiwa umepoa kidogo, hupelekwa kuchemshia maji ya miwa. Mvuke mmoja, kazi mbili. Isitoshe, mradi huo ulisajiliwa chini ya ule utaratibu wa Itifaki ya Kyoto ulioziwezesha kampuni za nchi zinazoendelea kuuza hati za kupunguza hewa ya ukaa. Makapi ya Mumias, kwa maneno mengine, yaliuzwa mara mbili: mara moja kama umeme, na mara ya pili kama moshi ambao haukutoka kwingineko.

Molasi nayo ikafuata. Mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilifungua kiwanda cha ethanoli chenye uwezo wa kutoa lita milioni 22 kwa mwaka. Lakini molasi haikuwa ngeni kwa biashara. Wafugaji waliijua kama kilainishi cha majani makavu ya ng'ombe, na wapishi wa chang'aa waliijua kwa sababu ambazo polisi pia walizijua. Huko Muhoroni, katika ukanda jirani wa miwa, ethanoli ya molasi ilikuwa ikitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kipindi fulani ilichanganywa na petroli iliyouzwa nchini. Na anayedhani kwamba masalio ya muwa ni jambo la wahandisi peke yao na akumbuke mradi wa molasi wa Kisumu, uliokwama kwa miaka mingi. Waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, alipouawa Februari 1990, mpelelezi Mwingereza John Troon aliutaja mgogoro wa kuufufua mradi huo miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa. Uji mweusi ambao sukari imeukataa uliweza kufika hadi katika jalada la kifo cha waziri.

Tope la chujio ndilo lililopata bahati ndogo kuliko yote, na pengine ndilo lenye manufaa ya karibu zaidi kwa bibi yule wa kizingitini. Lina chokaa, lina fosforasi, lina mboji. Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega una asidi, na shamba lililopandwa miwa mfululizo kwa miaka ishirini huchoka kama punda wa kinu. Tope hilo likirudishwa shambani hupunguza asidi na kurudisha sehemu ya kile ambacho muwa ulikinyonya. Tatizo ni uzito wake. Likiwa bichi, gharama ya lori la kulibeba kilomita kumi huzidi thamani yake machoni pa mhasibu, kwa hiyo mashamba yanayolipata ni yale yaliyo jirani na kiwanda, ambayo mengi ni ya kiwanda chenyewe. Muwa husafiri mbali kwenda kusagwa na gharama ya safari hukatwa kwa mkulima. Tope haliwezi kusafiri umbali uleule kurudi, kwa kuwa safari hii hakuna wa kukatwa.

Ikumbukwe pia kwamba kuna viwanda vidogo ambavyo havijawahi kuwa na tatizo la masalio. Ni vile vya sukari guru, vilivyotapakaa Kabras, Malava na Butere, ambavyo mamlaka imevifunga na kuvifungua mara nyingi. Kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari guru makapi huanikwa juani asubuhi, na jioni hulishwa motoni chini ya sufuria pana. Molasi haitenganishwi, hubaki ndani ya sukari guru na kuipa ule weusi wake. Hakuna mhandisi, hakuna hati ya hewa ya ukaa, na karibu hakuna kinachobaki isipokuwa majivu. Wakubwa wa sekta huviona viwanda hivi kuwa aibu, na ni kweli kwamba moshi wake hukaba koo na kwamba baadhi ya wateja wake ni wapishi wa pombe haramu. Lakini palipo na haki pasemwe: kwa kutumia muwa wote, vilitangulia.

Hadi hapa hadithi ni nzuri, na kama ingekoma hapa ingefaa kuchapishwa katika taarifa ya mwaka ya wanahisa. Haikukoma. Liko salio moja ambalo halijapata mnunuzi, nalo ni maji.

Kiwanda cha sukari hutoa majitaka yenye sukari, mafuta ya mashine, majivu na maji ya kuoshea sakafu. Kiwanda cha ethanoli hutoa kitu kizito zaidi. Molasi ikishachachushwa kwa hamira na kukenekwa, kwa kila lita moja ya ethanoli hubaki lita kumi hadi kumi na tano za maji ya kahawia, moto, yenye asidi na harufu ambayo aliyeinusa mara moja huitambua milele. Kwa kadirio la chini, mtambo wa lita milioni 22 ukifanya kazi kwa uwezo wake wote huzaa lita milioni 220 za maji hayo kwa mwaka. Ubaya wake haumo katika sumu. Maji hayo yamejaa chakula. Vijidudu vya mtoni hukila kwa pupa na huku vikivuta oksijeni yote, na samaki hubaki wakitwetea. Wanasayansi hupima pupa hiyo kwa miligramu za oksijeni zinazohitajika katika lita moja ya maji. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliruhusu miligramu 30 tu kwa majitaka yanayoingizwa mtoni. Maji ya kahawia yatokayo katika mtambo wa kukeneka, kabla ya kutibiwa, huweza kufikisha maelfu thelathini au arobaini.

Kuyatibu kunawezekana. Yaweza kufungiwa katika matangi yasiyo na hewa yakatoa gesi ya kupikia au ya kuendeshea tanuri. Yaweza kuchanganywa na tope la chujio yakawa mbolea. Yaweza kutulizwa katika mabwawa kadhaa yanayofuatana. Haya yote yanajulikana na yanatumika India na Brazili. Yanahitaji fedha, na kwa kiasi kikubwa fedha hizo hazirudi. Umeme hununuliwa. Ethanoli hununuliwa. Maji safi yanayoondoka kiwandani kuelekea mtoni hayana mnunuzi, ijapokuwa yana wanywaji wengi.

Mto wenyewe ni Nzoia. Hutelemka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, hupita Webuye, ambako kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliumwagia masalio yake kuanzia miaka ya 1970 hadi kilipofungwa 2009, kisha hukatiza katika ukanda wa miwa wa Bungoma na Mumias kabla ya kuishia Budalangi na Ziwa Viktoria. Mtu aliye Mumias hupokea ya Webuye na kuyapeleka ya kwake Budalangi. Kila mmoja yuko chini ya mwingine, na kila mmoja yuko juu ya mwingine. Labda ndiyo sababu malalamiko ya mto huu hayana mwisho wala mwanzo.

Na mlalamikaji akabishe mlango upi? Kesi ya Kibos, karibu na Kisumu, inafunza mengi kuliko mihadhara. Wakazi watatu walikwenda mahakamani wakidai kwamba kundi la viwanda vya sukari, pombe kali na karatasi ya makapi lilikuwa likiharibu mto na hewa yao. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kisumu ilizifuta leseni za viwanda hivyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, na kabla ya mwaka kwisha Mahakama ya Juu nayo ikakubali kwamba malalamiko ya namna ile yalipaswa kuanzia mbele ya vyombo maalumu vilivyoundwa na sheria ya mazingira. Mawakili walikuwa wamebishana juu ya mlango kwa zaidi ya mwaka. Mto haukuwa na nafasi ya kusubiri.

Kisha Mumias ikaanguka. Kampuni iliyokuwa imezalisha zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya katika miaka yake ya neema, na ambayo hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu 2001, iliwekwa chini ya mrasimu wa benki Septemba 2019. Sababu zake ni nyingi na nyingine zilifika mahakamani. Si za makala haya. Linalohusu hapa ni jinsi masalio yalivyoanguka pamoja nayo. Umeme ulikuwa umekwisha kukoma kwenda kwenye gridi hata kabla ya hapo, kwani tanuri la makapi halina ghala la kungojea: miwa ikikosekana leo, makapi hukosekana leo, na taa huzimika leo. Wakulima ambao hawakuwa wamelipwa waling'oa miwa wakapanda mahindi, au waliuza miwa michanga kwa yeyote aliyekuja na lori. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ule mtambo wa mamilioni ya dola ulikuwa umeegemea uvumilivu wa mtu mwenye ekari moja. Hesabu zote za megawati hazikuwa na safu ya uvumilivu huo.

Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa miaka 20 kwa kundi la Sarrai la Uganda. Kesi zikafuata juu ya kesi, lakini moshi ukaonekana tena. Januari 2025 wakulima wa Mumias walitangaziwa bonasi ya shilingi milioni 150, mbele ya rais wa nchi. Miezi michache kabla ya hapo, Sheria ya Sukari ya 2024 ilikuwa imerudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, na kupanga bei ya miwa kukawa tena jambo la kujadiliwa mezani. Bonasi ni neno zuri, lakini lina udhaifu wake. Bonasi hutolewa na mwenye nacho akipenda, malipo hudaiwa. Bibi wa kizingitini hakuuliza kama atapewa zawadi. Aliuliza kama mizani na malipo vinazungumza juu ya muwa mmoja.

Mjukuu wake alijaribu kumweleza. Alimwambia kwamba kiwanda kilitumia mabilioni kujenga matanuri, na kwamba makapi bila tanuri ni takataka tu; asiyejenga tanuri hawezi kudai umeme.

"Na tanuri bila makapi ni nini?" bibi akauliza.

Kijana akacheka. Alikuwa amekuja na hoja hiyo kutoka kwenye mjadala wa darasani, na pale darasani haikuwa imejibiwa upesi hivyo. Alimwambia tena kwamba akidai sehemu ya umeme, basi huenda siku moja akadaiwa sehemu ya maji machafu, kwa kuwa nayo yametoka katika muwa wake.

Bibi alilifikiria jambo hilo kwa muda. Kisima anachotumia kiko bondeni, na kijito kinachopita hapo huingia Nzoia.

"Hayo," akasema, "nimekwisha kuyalipia."

Aliikunja ile hati, akaitia katika mkebe wa majani ya chai pamoja na hati nyingine za miaka iliyopita. Nje, trekta lilikuwa likipita na trela lililofurika miwa, likayumba penye shimo la barabara, na miwa mitano au sita ikaporomoka. Watoto waliikimbilia kabla vumbi halijatua. Mmoja aliuleta muwa mrefu hadi kizingitini, wakaukata vipande, wakakaa wakitafuna. Makapi bibi aliyakusanya yote kwenye ungo, akaenda kumwagia ng'ombe.